Haragwe la Kumi na Moja

Jumanne moja ya mwaka 1944, Mwalimu Ngari alimwaga maharagwe kumi kutoka kwenye kiberiti, juu ya meza ya shule ya shamba moja nje ya Kitale. Kibao cha kuandikia kilikuwa kimebaki kimoja. Mtoto atakayehesabu mpaka kumi bila kuruka angekipata. Atakayeshindwa angekwenda kuchuma maua ya pareto, na pareto haimuulizi mtu umri.

"Gusa moja moja," Ngari alimwambia Nekesa, mwenye miaka sita.

Nekesa aligusa kumi. Kisha akagusa mahali patupu, akasema, "Kumi na moja."

Haragwe lilikuwa hapo. Lilikuwa na joto, likinuka moshi. Ngari akahesabu mwenyewe kwa ncha ya kalamu. Kumi na moja. Akachungulia ndani ya kiberiti, kana kwamba kiberiti ndicho mwongo.

"Mama Nekesa, umemfundisha mtoto michezo?"

"Mimi ni Mama Lenah," Dinah, mama yake Nekesa, alisema. "Na hiyo haragwe ni ya Lenah, dadake. Si alichomeka akafa kwa banda la kukausha pareto kwa moto? Wepukhulu alikuwa amefunga mlango kwa nje, ati upepo usiingie."

Wepukhulu, karani wa shamba, alikuwa kizingitini akitafuna muwa. "Kitabu cha Bwana mwenye shamba kinasema Lenah alitoroka. Na kitabu hakikuchomeka, bana."

Mtihani ni mtihani. "Haya, Lenah," Ngari akasema. "Hesabu."

Maharagwe yakahama upande wa pili wa meza, moja moja, kila moja likiacha alama ya masizi. Yalipofika kumi yakatulia. La kumi na moja Lenah akalirudisha alikolitoa.

"Hajaruka hata moja!" Ngari alisema, akampa Lenah kibao. Nekesa alikuwa amesema kumi na moja, na fomu ya mtihani iliishia kumi. Akaandikiwa sifuri.

"Mwalimu," Dinah alisema, "si huyu ndiye ako na miguu ya kuja shule?"

"Fomu haiulizi miguu, Mama Lenah."

Lenah hakukosa shule hata siku moja. Kibao chake kilijaa hesabu, zote sahihi, na mwenzake wa benchi alipangusa majivu kila asubuhi bila kuambiwa. Kwenye kitabu cha shamba alibaki ametoroka.

Nekesa alipewa kikapu cha dadake. Jumatatu jioni alikileta bandani kimejaa, akaingia nacho. Wepukhulu akafunga mlango kwa nje, maana pareto haipendi upepo.