Sendofu ya Mwanvita

Siku wapimaji walipopiga vigingi kwenye ule uwanja wa vumbi kule Kihonda, Sufiani alikuwa angani. Yaani mwili ulikuwa chini, kofia kichwani na rimoti imening'inia shingoni, lakini muulize mtu yeyote anayerusha ndege ndogo atakwambia roho huwa iko juu. Alipoteremsha macho akakuta kigingi chekundu kimesimama katikati ya njia ya kutua, na kijana pembeni yake anamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee. Hapa pameshauzwa." Sufiani akageuka kuitikia marahaba. Ndege nayo ikaja moja kwa moja, ikakigonga kile kigingi na kuvunjika pua.

Hivyo ndivyo Klabu ya Ndege Ndogo ya Morogoro, watu kumi na mmoja na mwenyekiti wao Sufiani, fundi redio, ilivyobaki bila makao. Waliomba uwanja wa shule, mwalimu mkuu akasema watoto hawatasoma. Wakaazima uwanja wa mpira, ndege ya mmoja wao ikakatiza mbele ya mpigaji penalti, na walivyofukuzwa pale ni afadhali tusisimulie.

Baya zaidi, kibali chao cha kurusha kilikuwa na sharti: uwanja uwe umepatikana kabla ya Agosti kwisha, la sivyo kinafutwa. Na kibali kikifutwa, Mwanvita hataruka kamwe.

Mwanvita alikuwa ndege wa njano, mabawa yake mita mbili na nusu kutoka ncha hadi ncha. Sufiani alimtengeneza kwa miaka miwili, kwa mianzi ya mlimani na yale mapovu makavu, meupe na mepesi, yanayofungashwa na friji mpya. Alikuwa mkubwa, anahitaji njia ndefu ya kukimbilia, kwa hiyo tangu azaliwe hajaruka hata mara moja. Alikaa sebuleni amening'inizwa darini, na Chausiku, mke wa Sufiani, alikuwa amechoka kuinama kila anapopita. "Mama mkwe nilimpenda," alikuwa akisema, "lakini alipokuwa hai hakulala juu ya televisheni yangu."

Maana jina lilikuwa la mama yake Sufiani. Mwanvita wa kweli alikuwa akiteremka kwa miguu kutoka Kinole na tenga la ndizi na mdalasini kichwani, mpaka soko la mjini, ili mwanawe asomee ufundi. Ndege ya abiria ikipita juu alikuwa anatua tenga, anaweka kiganja juu ya macho na kuitazama mpaka imepotea. Kisha anasema, "Wenzetu wanasafiri hawajabeba kitu kichwani," na kujitwika tena. Alikufa hajapanda hata basi lenye viti vizuri. Sufiani hakuwahi kumwambia mtu, lakini kila alipokuwa akigundisha ubawa wa ile ndege alikuwa akizungumza na mama yake.

Uwanja unahitaji hela, na hela ndiyo hawakuwa nayo. Waliandika barua za kuomba msaada kwa wafanyabiashara. Mmoja alijibu kwamba atachangia watoto hao wakikua. Ndipo katibu wa klabu, dada mmoja anayeitwa Upendo, ambaye hakuna kamati ya harusi mjini Morogoro isiyowahi kumpa uweka hazina, akapiga meza.

"Nyie mnakosea. Watu wetu hawachangii ndege. Wanachangia harusi."

"Sasa harusi tuitoe wapi?" akauliza Sufiani.

"Si una binti pale sebuleni?"

Wiki iliyofuata zikatoka kadi za michango, za rangi ya dhahabu, zenye utepe. Familia ya Klabu ya Ndege Ndogo ina furaha kukualika kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yao mpendwa, Mwanvita, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Watu wakacheka mpaka wakatoa. Mwenye duka la vipuri alichukua kadi ya watu wawili akiuliza bwana harusi ni nani. "Kiwanja," Upendo akamjibu, "ila bado tunamtafuta." Kila Jumapili kamati ilikutana, ikanywa soda na kugombana kuhusu rangi ya sare, kama kamati zote za harusi. Mfuko ukajaa.

Bwana harusi alipatikana karibu na Mikese. Shamba tambarare, mahindi yameshavunwa, upepo unatoka milimani umenyooka, na hakuna nguzo za umeme wala mnazi wa kumkwaza mtu. Kando ya shamba, chini ya upenu wa nyumba, alikaa mzee mchangamfu aitwaye Fransisko, anatwanga ugoro.

"Shamba hili la nani, mzee?"

"Hili? Langu. Nimelilima miaka arobaini."

Wakampa kishika uchumba palepale. Mzee Fransisko akanunua baiskeli mpya, na klabu ikafyeka mabua na kusawazisha njia ya kurukia. Sufiani hakuuliza swali lingine. Na hapo ndipo palipo aibu, maana Sufiani ni Mluguru, tena wa tumbo la Kinole, na hata mtoto mdogo wa kule juu anajua kwamba shamba halifuati jembe la mwanaume. Linafuata tumbo la mama. Swali lilikuwa moja tu, hili ni la mama wa nani, na maisha ya mjini yalikuwa yamemsahaulisha.

Jumamosi ikafika. Hema likafungwa, sufuria za pilau zikainjikwa, wageni wakaja na sare zao za njano. Chausiku mwenyewe alimfungia Mwanvita utepe mkiani. Saa nne asubuhi bodaboda ikasimama barabarani, akateremka bibi mmoja mrefu, kikapu mkononi, amechoka na vumbi la safari. Alikuwa Bibi Eufrazia, mke wa Fransisko, anarudi kutoka Kinole alikokaa wiki tatu kwenye matanga ya ndugu yake. Akalitazama hema. Akaitazama ile njia iliyosawazishwa. Akamtazama mumewe, ambaye ghafla alikuwa anaikagua sana tairi ya baiskeli.

Hakupiga kelele. Alichukua kigoda, akaenda kukaa katikati kabisa ya njia ya kurukia, akafungua mwavuli.

Muziki ukazimwa. Sufiani akaenda, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kawapa shamba langu?"

"Mzee Fransisko, mama."

"Huyo ni mkwe hapa. Alikuja na begi moja, na mpaka leo ukimfukuza ataondoka na begi moja."

"Na baiskeli," akasema Fransisko kwa mbali.

"Shamba hili alinipa mama yangu," akaendelea bibi, "naye alipewa na mama yake. Haliuzwi. Nikifa anachukua binti yangu. Wewe ni mtu wa wapi usiyejua mambo haya?"

Sufiani alitamani ardhi ipasuke. "Mimi Mluguru, mama. Marehemu mama yangu alitoka Kinole."

"Kinole ipi? Ukoo gani?"

Akautaja ukoo wa mama yake, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa kituoni. Bibi Eufrazia akafunga mwavuli. Uso wote ukabadilika.

"We! Kumbe mtani wangu!" Akasimama, akawageukia wageni. "Ndiyo maana! Nilijiuliza mwizi gani huyu anaiba shamba mchana na kuleta wapiga picha. Watu wa ukoo huu wote hivyohivyo, vichwa vikubwa, ndani upepo!"

Kwa asiyejua, mtani wako, mtu wa ukoo mnaotaniana tangu enzi za mababu, ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu na kuondoka na kuku wako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, unalipa. Lakini siku ukifa, yeye ndiye anayehangaika na maiti yako, na hawezi kukwepa.

Bibi hakuchelewa. Alimwendea Mwanvita, akamnyanyua, akamkumbatia kifuani. "Huyu nimemchukua. Nitamwanikia mihogo." Akaondoka naye kuelekea nyumbani. Sufiani akapiga hatua mbili kumfuata, akasimama. Miaka miwili ya mianzi na gundi! Ila mtani hakasirikiwi. Mlangoni mabawa yakagoma kupita. Bibi akajaribu kwa ubavu, akajaribu kinyumenyume, akaanza kuugombeza mlango kwa kuwa mwembamba kama mzee aliyeujenga. Wageni waliokuwa wamenuna wakaangua kicheko, na Fransisko, ndiye aliyeujenga, akacheka kuliko wote.

Katika kicheko kile ndipo damu ya Kinole ilipomrudia Sufiani. Akatembea hadi katikati ya njia ya kurukia, akajilaza chali, suti yake mpya na yote, akafumba macho na kukunja mikono kifuani.

"Jamani, mwenyekiti ana nini?" Upendo akauliza.

"Nimekufa," akasema Sufiani bila kufumbua macho. "Mwambieni mtani wangu aje anizike. Na mimi nimefia hapahapa, sihamishwi."

Kisha kutoka mlangoni kikasikika kilio cha kufanya nywele zisimame. Bibi Eufrazia alikuwa anakuja anaomboleza, ndege bado kaibeba. "Uwiii! Mtani wangu! Kafa na madeni yake! Tazameni miguu, nani atachimba kaburi refu hivi? Mke wake yuko wapi? Njoo, mwanangu, uchague mume mwingine hapa, wapo tele, tena wanene!"

"Nimeshaanza kuangalia, bibi," akaitikia Chausiku.

"Maiti," bibi akainama juu ya Sufiani, "ondoka kwenye shamba langu nikuzike kwenu."

"Maiti hatembei."

"Maiti hazungumzi pia."

"Ya ukoo wetu inazungumza. Vichwa vikubwa."

Bibi akang'ata ncha ya khanga ili asicheke, akashindwa. Akakaa chini kando ya maiti wake, akamweka Mwanvita mapajani. Walipokuwa karibu hivyo, aliuliza kwa sauti ya chini ambayo wageni hawakuisikia, "Huyu bibi harusi anaitwa nani?"

"Mwanvita. Jina la mama." Sufiani akafumbua jicho moja. "Alikuwa anateremsha mdalasini mjini, kwa miguu. Ndege ikipita alikuwa anatua mzigo aitazame. Nilitaka siku moja apite juu na yeye. Kibali chetu kinakwisha keshokutwa, mama. Asiporuka leo, sidhani kama ataruka tena."

Bibi Eufrazia hakumtukana. Aliupapasa ubawa wa njano kwa kidole.

"Ile njia niliishuka na mimi," akasema. "Kwenye mawe pale chini, kabla ya mto. Shingo inaingia ndani kwa mzigo."

Kisha akasimama, akajikung'uta, na sauti ikarudi kama kawaida. "Sikilizeni! Shamba siuzi, wala hela za harusi yenu sizitaki, jengeni kibanda chenu cha kivuli. Lakini maiti ya mtani imelala kwenye ardhi yangu, na mimi sina nguvu ya kuibeba. Kwa hiyo nawaazima. Mahindi yakitoka, ndege ziingie. Mvua za kwanza zikidondoka, ndege zitoke, nipande. Kila mwaka siku kama ya leo maiti huyu aniletee jogoo, na asimame hapa nimtukane mpaka nichoke."

"Na binti zako wakirithi?" Upendo akauliza, kalamu mkononi tayari.

"Nao watamtukana. Andika hivyo."

Upendo akaandika hivyohivyo, mashahidi wakatia sahihi, Bibi Eufrazia akaweka dole gumba. Fransisko naye aliomba kutia sahihi, akaambiwa aende akachochee pilau.

Sufiani akafufuka, mgongo wote vumbi. Akamchukua Mwanvita, akafungua kifuniko cha tumboni kuingiza betri. Bibi akamzuia kwa mkono. Akaingiza kiganja kwenye kikapu chake cha safari, akatoa kijiti cha mdalasini, akakivunja na kukichomeka kando ya betri.

"Mtu wa Kinole hendi mjini mikono mitupu," akasema. "Rusha."

Pangaboi ikaunguruma. Mwanvita alikimbia kwenye ile njia huku utepe ukimpepea mkiani, akayumba, wageni wakashika vichwa, akanyanyuka. Alipanda juu ya hema, juu ya barabara ya malori, akageuka kwa utulivu kuelekea milimani, njano tupu kwenye ile kijani yote. Vigelegele vya harusi vikapigwa. Bibi Eufrazia alikuwa ameweka kiganja juu ya macho, kikapu kimetuliwa chini, anamfuata mpaka shingo ikamuuma.

Mwanvita alipotua, mzima, hana mkwaruzo, Sufiani alikwenda kupiga magoti kuondoa betri. Ile betri ilikuwa imepata moto. Alipofungua kifuniko, harufu ya mdalasini uliopashwa ikamjaa usoni, harufu ya khanga za mama yake anaporudi kutoka sokoni na tenga tupu. Akabaki pale, mkono ndani ya ndege, mabega yakaanza kutetemeka.

Bibi Eufrazia akamwona. Akafika, akamwekea mkono kichwani, mkono mgumu wa jembe, akauacha hapo.

"Jamani, njooni muone," akawaita watu. "Maiti wangu analia."