Kunde za Kuanika

Mwaka huo wa 2004 bustani yetu ya Kanduyi ilizaa kwa kiburi. Mimi hamu ya kula sina, nayo kunde imefunika njia ya choo na nyanya zimeiva zote kwa pamoja. Mume wangu Wekoye alikuwa anaugua ini. Daktari wa Kitale alinivuta kando akaniambia nimrudishe nyumbani, dawa zimeshindwa. Nikatoka pale nikamwambia Wekoye ni vidonda vya tumbo. Hakuuliza zaidi, nami nikadhani ameamini.

Kila asubuhi nilimwekea kiti chini ya mparachichi. Hapo aliangalia ndege wake, wale wadogo wenye mikia mirefu, wakitoboa nyanya zangu. Mimi nilikuwa nawarushia mawe.

"Si uwaache wakule, Mama Khisa! Kwani zote utamaliza wewe?"

"Bora wewe, mlezi wa wezi!"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Nilipenda sana kicheko hicho, basi mawe nikayaacha.

Ndipo dada yake, Nabwile, akaja kutoka Misikhu. Mwanamke huyo mdomo wake hauna breki. Alinivuta nyuma ya jiko.

"Mulamwa, wifi yangu, unangoja nini? Anika kunde. Hiyo siku ikifika wewe utafungiwa ndani, hutagusa jani mpaka matanga iishe. Watu watakula nini?"

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini alisema kweli. Kwetu mjane haingii bustanini, na waombolezaji hula kile alichokiweka mapema. Kesho yake nikachuma kunde kapu zima, nikaichemsha kidogo na munyu, yale maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Nikaitandaza juu ya magunia kwenye paa la banda la kuku, nyuma ya mgongo wa Wekoye. Kila jani nililolinyoosha lilinitia uchungu. Nilijiona kama ninayemzika mtu angali anaongea.

Ndege ndio walionichoma, wakafichua siri yangu. Waliruka kutoka kwenye nyanya wakatua kule bandani, na Wekoye, ambaye hakutaka kuwakosa, akageuza kiti polepole kuwafuata. Nilipotoka jikoni nilimkuta ameinua macho juu ya paa.

"Mama Khisa, hiyo ni kunde?"

"Ya kuuza."

"Nani ananunua kunde kavu na mbichi imejaa kila boma, bana?"

Niliketi chini kwenye udongo karibu na kiti chake nikalia kwa sauti, bila kujali kama majirani wanasikia. Hakuninyamazisha. Aliweka mkono kichwani pangu, mkono mwepesi uliobaki mifupa, akawaangalia ndege wake.

"Ukoo wetu ni mkubwa," alisema. "Hiyo haitatosha. Chuma ingine."

"Baba Khisa..."

"Na malenge usiguse kwanza, bado changa. Ukikata leo itaoza kabla watu wafike."

Nilifuta uso kwa leso. "Sasa nikate lini?"

"Nitakuambia."

Siku zilizofuata nilichuma na kuanika mbele ya macho yake, naye akawa ananionyesha majani yaliyoliwa na wadudu. Alhamisi nilimpelekea chai, akashindwa kuimeza. Alinirudishia kikombe akaniambia nikakate malenge.