Kapinga Amehamia Chienge

Kapinga, mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa, alikuwa fundi cherehani wa kadiri tu, na wanawake wa soko la Kashikishi hawakumfuata kwa ajili ya mishono. Mwanamke aliyebakwa aliingia kwake kana kwamba anapimwa gauni, mlango ukafungwa, na baada ya muda mfupi wote wawili walikuwa njiani kwenda hospitali. Dawa ya kuzuia ukimwi haimsubiri mtu. Siku tatu zikipita, haifai kitu. Waume, mashemeji na wenye midomo mirefu wakiuliza, soko zima lilikuwa na jibu moja: kwa Kapinga wanashona, basi.

Shida ilikuwa kisiwa cha Kilwa, kule katikati ya ziwa. Huko mtu husafiri kwa kupiga kasia, na mwaka huo wanawake wawili walifika siku ya nne. Kapinga aliwalilia wale wawili, kisha akakasirika, kisha akamwambia mpwa wake Fidélie, aliyesoma Kiingereza, aombe ufadhili: injini moja ya mtumbwi na mafuta yake. Wafadhili wa Lusaka wakajibu kwamba mkaguzi wao, Bwana Royd, angefika Alhamisi. Akafika Jumatano. Hakuna aliyemwomba awahi.

Jumatano hiyo Kapinga alikuwa amesimama kwenye meza ya Agnès, muuza chisense, vile visamaki vidogo vikavu vya ziwa. Mwanamume mgeni wa shati la buluu akakaribia, akauliza kwa Kiswahili cha biashara:

"Mama, naomba. Kapinga anakaa wapi? Ule anasaidia wanawake."

Kapinga alimtazama mikononi kwanza. Wiki iliyopita tu, mume mmoja kutoka Kafutuma alikuja na panga kumtafuta mkewe.

"Kusaidia?" Agnès alisema. "Ule mama anashonaka manguo tu, tena mubaya! Alinishonea robe, mukono moja murefu, ingine mufupi."

Habari ya mikono ilikuwa uongo mtupu, na ilimchoma Kapinga kidogo. Tata Constantin, muuza nyavu wa meza ya pili, naye hakutaka kuachwa nyuma.

"Ule? Hapendake hata banamuke benzake. Ku kanisa anaikalaka peke yake."

Mgeni akaandika kwenye daftari, kisha akamgeukia Kapinga mwenyewe. "Na wewe mama, unamujua?"

"Alishahama," alisema Kapinga bila kupepesa macho. "Alienda Chienge na mashine yake yote. Hatarudia tena."

Mgeni akashukuru, akashika njia ya stendi. Kapinga na Agnès walicheka hadi wakashikilia meza. Walikuwa bado wanacheka Fidélie alipokuja mbio na simu, akamvuta shangazi yake pembeni, akamnong'oneza:

"Tantine, ule mutu ya Lusaka ameshafika! Amevaa shimizi ya bleu. Ameandika asema Kapinga alihama, sasa anapanda basi ya Chienge kumutafuta!"

Kicheko kikakauka. Kapinga akatimua mbio, na Agnès, aliyedhani kuna hatari, akamfuata na beseni lake la samaki kichwani. Walimkuta Royd ameketi dirishani, basi linanguruma. Kapinga akagonga kioo.

"Tata, shuka! Kapinga ni miye!"

"Mama, si ni wewe uliniambia amehama?"

"Nilikudanganya."

"Na sasa nitajuaje kama hudanganyi?"

Swali lilikuwa la haki. Kapinga akamgeukia rafiki yake. "Agnès, mwambie. Miye ni nani?"

Agnès akampima mgeni kwa macho, akaona bado ni mgeni. "Huyu mama simujue," akasema kwa moyo mmoja. "Namuona leo mara ya kwanza."

Uaminifu nao una wakati wake, na huo haukuwa wakati wake. Kilichomwokoa Kapinga ni kadi yake ya ukimbizi, yenye jina na picha. Royd akashuka, basi likaondoka na nauli yake.

"Sawa, wewe ni Kapinga," alisema kwa uchovu. "Lakini nimeuliza watu kumi na moja. Wote wanasema unashona. Nipe mwanamke mmoja tu aniambie ulimsaidia. Bila huyo siwezi kuandika kitu."

Kapinga aliifikiria injini. Aliwafikiria wale wawili wa siku ya nne. Majina yalimjaa mdomoni, zaidi ya thelathini.

"Hapana," alisema. "Mwanamuke wa kukupa sina. Rudia Lusaka na falanga yenu ya injini."

Agnès akatua beseni chini.

"Ni miye," alisema. "Mwaka jana, mwezi wa pili. Alinifikisha ku hospitali siku ya pili. Niko muzima."

"Agnès, nyamaza! Uko na bwana, uko na batoto!"

"Siri ni ya nani, Kapinga? Ni yako? Ni yangu. Nikitaka kuisema, nasema."

Kapinga akamshika Agnès mkono. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Royd aliandika mistari michache, akampigia Agnès makofi ya polepole, kama Wabemba wanavyomshukuru mtu wa heshima, akanunua chisense, akaenda zake.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu: injini imekubaliwa. Ripoti ya Royd ilikuwa imeambatanishwa, na Fidélie akaitafsiri akiwa amekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"'Nilizunguka sokoni kwa muda wa saa nne. Watu kumi na moja na mkurugenzi mwenyewe, Kapinga, walinidanganya bila haya. Sikumpata hata mmoja wa kukiri kwamba huduma hii ipo. Kwa hiyo nashauri wapewe fedha zote walizoomba.'"

"Soma tena," alisema Kapinga. "Polepole."

Fidélie akasoma tena.

"Na Agnès?"

"Hayuko, tantine. Jina yake haiko hata fasi moja."

"Basi Royd naye amedanganya kama sisi," alisema Kapinga, akavaa viatu aende sokoni kumwambia Agnès.