Kipeperushi cha Diwani Thackray

Hilary Cudworth hakuutaka udiwani. Alikuwa amestaafu kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno pale Wrangthorpe. Neville, katibu wa chama chake, alimkuta bustanini akipogoa mawaridi, akamsihi akubali jina lake liandikwe tu, ili Clive Thackray asipite bila kupingwa.

"Hutafanya kampeni, dada, wala hutashinda. Chai yako utainywa kwa raha zako."

Akakubali, maana Neville alimganda kama kupe.

Thackray alikuwa amekikalia kiti kile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Safari hii, kwa kukosa la kujisifia, akasambaza vipeperushi nyumba kwa nyumba, akionya kwamba Bi Cudworth ana mpango wa kujenga nyumba za bei nafuu kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa. Hilary alikisoma chake palepale mlangoni. Uwanja huo hakuwahi hata kuufikiria.

Kesho yake mke na mume vijana, waliokuwa bado wanaishi kwa wazazi, walimsimamisha nje ya duka la mikate wakamshukuru. Akawaambia ukweli, kwamba yeye hajasema neno lolote kuhusu nyumba.

"Tumekuelewa, mama," mume akajibu, akimkonyeza. "Mengine hayasemwi kabla ya kura."

Kadiri alivyokana ndivyo walivyomwamini. Siku ya uchaguzi alikwenda na mbwa wake hadi kituoni, akampigia kura Thackray, akarudi nyumbani moyo mweupe.

Akashinda. Matokeo yaliposomwa alitokwa na machozi, na watu wakasema furaha imemzidi. Thackray akaja kumpa mkono, uso umemsawijika.

"Umenishinda kwa sera, Hilary. Kumbe wewe ni fundi wa siasa."

"Sera ni zako, Clive. Hata kura yangu nilikupa wewe."

Thackray aliona anakejeliwa, akaondoka bila kuaga.

Majira ya vuli mwenye uwanja, aliyepata wazo kutoka kwenye kipeperushi kilekile, akapeleka barazani ombi la kujenga nyumba. Hilary alikwenda kuutazama, akakuta mbigili na maji yaliyotuama. Aliporudi, mwanawe Rufus na mkewe, waliokuwa wakiishi kwake, walikuwa wakigombana kwa minong'ono katika chumba kidogo cha juu, kwa kuwa hapakuwa na pa kuweka kitanda cha mtoto. Akakaa jikoni akiwasikiliza mpaka chai ikapoa.

Baraza lilipoulizwa ni nani wanaokubali, Hilary aliinua mkono. Ombi likapita.

Neville, ambaye dirisha la sebule yake linatazama uwanja ule, aliacha kumsalimia. Siku hizi anatafuta mtu wa kumng'oa, na wiki iliyopita alionekana kwenye baa akimnunulia Thackray bia.