Mama Mkwe Katika Gesti ya Mhoja

Akinyi alikuwa amelipindua jambo hilo kichwani mpaka likakaa sawa: gesti si nyumba ya mtu. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Kwao Wajaluo hilo halina mjadala, na mama yake, Truphosa, alikuwa amelishikilia tangu siku Akinyi alipoolewa na Machibya, Msukuma wa Butimba. Kila alipokuja Mwanza alishinda vizuri, akala kidogo huku amempa mkwe mgongo, na jua likianza kushuka alichukua mkoba wake akaenda kulala kwa jirani. Lakini gesti? Gesti unalipa, unapewa ufunguo, na paa ni la mwenye gesti. Mama akilala hapo na mkwe wake yuko chumba cha pili, asubuhi wakaamka wote wazima, atasema nini tena?

Na Akinyi alihitaji sana mama yake akose la kusema. Mwaka uliopita, kule Shirati, bibi huyo alianguka ndani ya nyumba yake akalala sakafuni mpaka wanawake anaoanika nao dagaa mwaloni, pale ufukweni, walipokuja kumuulizia. Watoto wengine wa Truphosa walikwisha kufa. Amebaki Akinyi peke yake. Tangu siku ile hakuwa na usingizi. Sokoni mikono ilikunja mashati ya mitumba, moyo uko Shirati. Akamsumbua mumewe mpaka wakajenga chumba uani, mlango wake peke yake, sakafu ya saruji, kitanda kipya. Mama akaalikwa, akakataa: ua ni uleule, mila ni ileile.

Ndipo ikazaliwa safari ya Serengeti. Zamani mbuga ilikuwa ya Wazungu na wakubwa. Miaka hii ya ruksa, serikali ilipolegeza kamba, kila mwenye pikapu alijiona mtalii, na Machibya alikuwa na pikapu, aliyoinunua baada ya shirika la umma alilolitumikia kufungwa. Mama angepanda basi ashuke Lamadi, wangelala hapo, na kesho yake wangeingia lango la Ndabaka kuangalia nyumbu na tembo. Hiyo ndiyo sehemu aliyoambiwa. Sehemu ambayo hakuambiwa ni kwamba wakitoka mbugani na kufika barabara kuu, Machibya hatakata kulia kumrudisha kwao. Atakata kushoto, Mwanza, moja kwa moja mpaka kwenye kile chumba.

"Akifika atazoea," alisema Akinyi. Machibya akaenda kuangalia maji ya rejeta.

Gesti ya Mhoja pale Lamadi ilikuwa mpya kabisa, imepakwa rangi ya waridi mpaka kwenye ngazi. Mhoja alikuwa amepata hela kwenye pamba na alikuwa na haraka ya kufungua kabla jirani yake hajafungua. Haraka yenyewe ilionekana. Bafuni mlikuwa na koki inayong'aa. Akinyi akaizungusha, ikang'oka yote ikabaki mkononi. Nyuma yake hamkuwa na bomba wala tundu, ilikuwa imebandikwa ukutani kwa saruji.

"Maji yanakuja mwezi ujao, mama," alisema Mhoja bila chembe ya aibu. "Ndoo zipo."

Vyumba havikuwa na dari, na kuta ziliishia chini ya bati, kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anamwambia afya. Lakini vitasa! Vitasa vilitoka Dubai, na Mhoja alivisifia kuliko vitanda.

Truphosa akaingia chumbani kwake kubadilisha nguo, akajifungia. Ufunguo ukakatikia ndani ya kitasa.

Wakavuta, wakasukuma. Mhoja akapanda baiskeli kwenda kutafuta fundi, huku akisisitiza mlango usiguswe maana ni wa mninga. Dirisha nalo lilikuwa limegandishwa na rangi, na kwa nje lina nondo.

"Mama, vipi huko?" aliita Akinyi.

"Kichwa kinazunguka. Hii rangi yao."

Machibya akatazama juu, pale ukuta ulipoishia. "Mwambie mama naomba ruhusa nipande," alimwambia mkewe, ingawa mama alikuwa anasikia kila neno.

"Mwambie mkwe wangu angoje nivae," ilijibu sauti kutoka ndani.

Basi mkwe akapanda ngazi ya wapaka rangi, akavuka ukuta, akaning'inia kwa mikono, akajiachia. Kilisikika kishindo, kisha mbao zikalia. Kitanda kilikuwa kimevunjika. Halafu Akinyi akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu aolewe: mama yake anacheka na mume wake anacheka, ndani ya chumba kimoja. Alifurahi hata akamnyanyua Rose, binti yake mdogo, na kumzungusha. Mila imekufa, aliwaza. Imefia katika gesti ya Mhoja, na aliyeumia ni kitanda tu.

Dirisha likagongwa likafunguka. Kitasa kikakataa katakata, na kule ndani hakukuwa na ngazi ya kumrudisha Machibya juu. Ikabidi wamngoje fundi. Akinyi aliwasikia wakitafuta pa kukaa, mmoja pembe hii, mwingine ile.

"Baba Rose," alisema Truphosa. Hakupitisha kwa mtu. "Kesho tukitoka kwa wanyama, unakata wapi?"

Akinyi alitaka kudakia, aseme lolote lile, lakini mumewe alimtangulia.

"Kushoto, mama."

"Nilijua. Mtu anayekwenda kuangalia tembo haambiwi abebe dawa za miezi mitatu."

"Anakuhofia, mama. Halali."

"Najua halali. Mimi ndiye niliyemzaa." Truphosa aliongea kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejua vizuri ukuta umeishia wapi. "Nilimwambia ni mila kwa sababu mila haimuumizi mtoto. Wangapi kule kwetu wamehamia kwa wakwe zao? Wazee wanakaa, wanaongea, yanaisha. Mimi sikuwaita wazee kwa sababu sitaki kuja."

"Ulianguka, mama," alisema Machibya taratibu.

"Nilianguka. Hata Butimba kuna sakafu." "Chumba chenu ni kizuri, nina hakika. Lakini ninyi mtakwenda kazini, Rose atakwenda shule, na mimi nitakaa nasubiri mtu arudi. Kule kwangu dagaa wakianikwa, wanawake wananisubiri mimi niseme wamekauka au bado. Siku ile walikuja kwa sababu nilichelewa. Butimba nikichelewa, nachelewa wapi?"

Akinyi aliketi chini pale mlangoni. Hasira ndiyo iliyotangulia: usiku wote ule aliokesha, matofali yote yale, kumbe alikuwa anapigana na mila ambayo mwenyewe hakuijali! Kisha ikaja aibu, nayo haikuwa na haraka ya kuondoka.

Fundi alipong'oa kitasa, Truphosa alitoka, akamtazama binti yake aliyekaa sakafuni. "Nyathina, mwanangu," alisema, "nenda katutafutie chai." Usiku akalala kwenye godoro chini, mkwe wake akikoroma chumba cha pili, na hakuna aliyelitaja hilo.

Kesho yake waliona nyumbu mpaka macho yakachoka. Truphosa aliuliza nani anayewachunga wote wale, akaambiwa hakuna, akasikitika kwa ajili yao. Tembo walisimama mbali, wakiwa wamewapa mgongo. Rose alisinzia mapajani mwa bibi yake.

Walipofika barabara kuu, Machibya alisimamisha gari akaiacha injini inanguruma. Alimtazama mkewe, aliyekaa katikati. Truphosa alikuwa anaangalia nje. Kama angesema "nirudisheni," Akinyi angepata wa kubishana naye. Hakusema.

Kichwani Akinyi alimwona mama yake amekaa kwenye kile kitanda kipya, mzima, salama, anasikiliza geti. Akaiona pia sakafu ya Shirati, na safari hii wanawake wamechelewa. Picha zote mbili zilimuuma, na hakuna wa kumwambia ipi itakuja. Alijua tu kwamba kile chumba alikijenga ili yeye mwenyewe apate usingizi.

"Kulia," alisema.

Machibya akakata. Akinyi alilia mpaka Bunda, na mama yake hakumnyamazisha. Alimwacha alie kama mtu mzima.