Ndani ya "Tu"

Mwalimu Zorobabel alikuwa bahili wa pointi. Ukipata sita juu ya kumi kwake, nyumbani wangeweza kukuchinjia kuku. Mwaka ule wa 2002, habari mbaya za vita zikitoka upande wa Mambasa na wakimbizi wakilala hadi uani mwa kanisa, yeye aliona ndio wakati wa kuwaletea wanafunzi wake wa Beni zoezi jipya. Kila juma waandike kisa cha kweli cha nyumbani kwao, bila kubuni hata kijiko. Tena waandike kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kifaransa, alisema, kazi yao ilikuwa kumpendeza yeye tu.

Falonne alianza vibaya. Kisa chake juu ya mama yake, Mariette, aliyeuza samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge katika soko la Beu, kilijaa machozi na jua lenye tabasamu. Akapewa mbili. Mwalimu alitaka kujua samaki wale wananuka vipi, na mama anasema nini mteja akiwadharau. Falonne alinuna siku nzima, lakini Jumamosi alikwenda sokoni akakaa na kutazama. Huko aliona jambo ambalo miaka yote lilimpita machoni: penye kivuli palikuwa na nafasi, na bado mama yake alipanga samaki juani, kwenye inzi, uso ukielekea barabara. Kwa hilo alipata tano. Kwa nini mama achague jua, hakujua, na hakuuliza.

Kisa kilichofuata kilikuwa juu ya baba yake, Kitsa, aliyekuwa akipeleka chumvi na sabuni Manguredjipa kwa wachimba dhahabu. Aliandika alivyoambiwa tangu utotoni: Baba alikufa huko kwa homa, tulimzika huko. Karatasi ilirudi bila pointi. Kwenye "tulimzika," Mwalimu alikuwa ameizungushia ile "tu" duara jekundu.

"Mu hii 'tu' muko banani?" alimwuliza, akitaka majina ya waliomo ndani yake.

Falonne alijibu kwamba yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa mdogo. Labda Mama. Labda Mjomba Malachie. Mwalimu alimwambia labda haiziki mtu, aende akaulize.

Na kwao wakati huo kulikuwa na shida kubwa kuliko zoezi. Mjomba Malachie, kaka yake Mariette, alikuwa ametayarisha chumba kwake Butembo, na Jumamosi angekuja na lori la kuwachukua. Majirani walikuwa wanahama. Mariette alikuwa ameshakataa mara mbili, akisingizia samaki, akisingizia nyumba. Falonne alikuwa anaogopa sana, na woga ule ulikuwa umegeuka kuwa hasira juu ya mama yake.

Jioni alimkuta jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo. Akamwuliza siku ile ya kumzika Baba ni nani aliyechimba kaburi. Watu wa kule, alisema Mariette bila kuinua macho. Watu gani? Mchi ukasimama.

"Ata mutu hakumuzika," alisema. "Basoda balimubebesha mizigo yao, bakaingia naye mu pori. Njo mwisho ya habari yake."

"Lakini ulisemaka tulimuzika."

"Nilikupatia kaburi, mwanangu, juu usikuwe kila siku unaangalia njia."

Falonne alikumbuka matanga, sala, watu waliokula na kwenda zao, na yeye alivyolia akifikiria udongo wa Manguredjipa. Neno la kuumiza lilikuwa tayari mdomoni, ndipo akakumbuka lile jua la sokoni.

"Na weye, Mama," alisema, "unaangaliaka nini kule soko?"

Mariette alijifuta uso kwa pindo la kikwembe. Akasema kwamba akihamia Butembo, na Kitsa akarudi, atakuta nyumba ya watu wengine. Basi Falonne akaelewa kwa nini lori limekataliwa mara mbili.

Aliandika upya, akasoma mbele ya darasa. Askari walimbebesha Baba mizigo wakaingia naye porini, majina yao siyajui. Hakuna aliyemzika. Mama anamngoja juani. Zorobabel alimpa nane, pointi ambazo hakuna aliyezikumbuka kutoka mkononi mwake, lakini Falonne hakuzifurahia. Nane isingempandisha mama yake kwenye lori.

Jumamosi lori lilikuja, na Malachie akapiga honi akilalamika kwamba dereva hatangoja. Mariette alikaa kwenye kigoda chake. Falonne alitafuta kaa jeusi kwenye majivu, akaenda kwenye ukuta wa ndani, mahali ambapo mvua haifiki, akaandika kwa herufi kubwa: Tumekwenda Butembo.

Akasimama kuitazama ile "tu." Kisha akaongeza: Ni Mariette na Falonne. Tuko kwa Malachie, mlango wa kijani nyuma ya kinu cha unga. Tunakungoja.

Akamsomea mama yake, ambaye hakujua kusoma, polepole, kidole kikifuata kila neno. Mariette alisikiliza hadi mwisho.

"Anza na jina yake," alisema. "Asiwaze ni ya mutu mwingine."

Falonne alipanda juu ya kigoda akaandika juu kabisa: Kitsa. Mariette akataka kuonyeshwa jina linapoanzia na linapoishia. Aliweka kiganja karibu na ukuta, bila kuugusa, asije akalifuta. Kisha akabeba kikapu chake cha samaki, akatoka, akaurudisha mlango tu. Malachie alipomkumbusha kufuli, alimjibu kwamba Kitsa hakuondoka na ufunguo.