Miaka Minne ya Kigoma

Ineza alisoma sekondari Kigoma miaka minne, yote kwa Kiingereza, akaja kumalizia kwa Kifaransa Rumonge, nchini kwao, familia iliporudi kutoka uhamishoni. Hapa waliitwa Watanzania hata mlangoni pa kanisa, ndipo mama yake, Marcelina, akamfunza jibu moja: "Ukiulizwa, sema umesoma hapa." Mazoea yana taabu. Fomu ya chuo cha ng'ambo ilipouliza alikosomea, mkono uliandika Rumonge, basi.

Leo jibu limefika. Aliyesoma kwa Kiingereza hadaiwi mtihani wa lugha hiyo. Yeye, aliyeandika shule ya Kifaransa tu, alipaswa kuufanya, muda umepita, na nafasi yake amepewa mwingine.

"Wamenikataa, mama."

Marcelina akafuta mawese mikononi. "Watakuwa wamejua ulisoma Tanzania. Si nilikuambia uwafiche?"